Uchu Usiotiiwa

Kila mwaka mwezi wa Ramadhani unapoandama, hutokea katika mtaa wa Bondeni, mjini Nakuru, jambo ambalo kwa wingi wa kuonekana kwake limekoma kutushangaza: wanaume waliokwisha kuapa mbele ya wake zao na mbele ya matabibu kwamba hawawezi kukaa saa mbili bila ya sigara, huamka usiku wakala daku, wakatia nia, na tangu alfajiri hata jua linapotua nyuma ya milima ya Mau wasipeleke moshi kinywani. Wengine huwa wakali kidogo ifikapo alasiri, na mwenye duka mwerevu huahirisha kudai deni lake mpaka baada ya futari, lakini cherehani zinalia, magari yanatengenezwa, na siku inapita. Mtu huyo huyo, mfungo ukimalizika, ukimsihi aache sigara tangu chai ya asubuhi hata adhana ya adhuhuri, atakujibu kwa moyo mkunjufu kwamba jambo hilo ni muhali.

Nguvu hiyo huitoa wapi, na huipoteza wapi? Nadai katika makala haya kwamba anachokifanya mfungaji bila ya kukijua ndicho ambacho baadhi ya wataalamu wa nafsi, huko ng'ambo, wamekifanya kuwa tiba kwa muda wa miaka arubaini hivi iliyopita, na kwamba mji wa Nakuru, uliojaribu mapema kuliko miji mingi ya Kenya kuufukuza moshi kwa sheria, una sababu njema ya kuwasikiliza.

Haiwezi kusemwa kwamba mwili wa mfungaji umesamehewa. Nikotini inayovutwa kwa moshi hufika ubongoni kwa sekunde 10 hadi 20, na baada ya saa 2 hivi nusu yake huwa imekwisha kuondoka katika damu. Kwa hiyo mvutaji, tuseme fundi cherehani, aliyezima sigara yake ya mwisho kabla ya alfajiri, ifikapo saa nane mchana amebakiwa na chembe tu, na ubongo wake unadai haki yake kwa kila njia unayoijua. Uchu anao, tena anao mkubwa. Asichokuwa nacho ni ugomvi na uchu huo. Hajiulizi kama atavuta au hatavuta, kwani swali hilo alilijibu usiku, hajilaumu kwa kutamani, kwa sababu mafundisho ya dini hayamhukumu mfungaji kwa kiu yake, na wala haingoji hamu iishe ndipo afanye kazi. Uchu hupanda, humkaa kooni na vidoleni kwa dakika chache, kisha hushuka, naye anaendelea kupiga pasi.

Sasa mtazame siku ya kawaida, pale alipoamua, labda baada ya kukohoa usiku kucha, kwamba leo ndiyo mwisho. Asubuhi huivunjavunja pakiti na kuitupa jaani, kisha huanza kazi ngumu kuliko zote, yaani kujikataza asiifikirie sigara. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, aliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na kila watakapomkumbuka wapige kengele. Kengele zilipigwa mara kwa mara, na baadaye walipopewa ruhusa ya kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wale ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza, James Erskine na wenzake, walilijaribu jambo hilo kwa wavutaji wenyewe: waliotakiwa kwa wiki moja kuzifukuza fikira zote za sigara walivuta kidogo wiki ile, lakini wiki iliyofuata wakavuta kuliko wenzao. Nadhani wake wengi wa Bondeni wangaliweza kuwapa watafiti hao matokeo hayo bila ya gharama, maana wameiona wiki ya kwanza ya wema na wameiona ya pili.

Mtu aliyeifahamu kwa undani hatari ya vita hivyo ni Steven Hayes, wa Chuo Kikuu cha Nevada mjini Reno, ambaye yeye mwenyewe alisumbuliwa na hofu za ghafla kwa miaka na akagundua kwamba kila alipozikimbia zilimzidi mbio. Pamoja na Kirk Strosahl na Kelly Wilson alitoa mwaka 1999 kitabu kilichoieneza Tiba ya Kukubali na Kuazimia. Kukubali kunakokusudiwa hapa kusichanganywe na kukata tamaa. Mgonjwa hafundishwi kukubali kwamba yeye ni mvutaji na ndivyo Mungu alivyomwandikia. Hufundishwa kuupa uchu nafasi ya kuwapo kifuani mwake, autazame ulivyo, na wakati uo huo mkono wake ufanye jambo jingine alilolichagua kwa sababu anazozithamini.

Waalimu wa tiba hii hupenda mfano wa dereva wa basi, na sisi wa Nakuru hatuna haja ya kwenda mbali kuuelewa. Tuseme dereva wa matatu ameondoka stejini kwenda Njoro, na ndani amepakia abiria wakorofi wanaopiga makelele kwamba akate kona hapa, asimame pale, la sivyo watamtenda mabaya. Akisimamisha gari ili awashushe kwa nguvu, hawashuki, na gari haliendi. Akifanya nao mapatano, kwamba wanyamaze naye atakwenda watakako, watanyamaza kweli, lakini tangu siku hiyo wao ndio wenye gari, na Njoro hataiona. Liko jambo la tatu, ambalo madereva wetu halisi hulifanya kila siku bila ya kulipa jina: kuwaacha wapige kelele, kuwasikia vizuri kabisa, na kushika usukani kuelekea Njoro. Abiria wale ndio fikira za mvutaji. Wengine ni watisha watu, hunena kwamba bila sigara utapasuka kichwa. Wengine ni wapole, na hao ndio hatari zaidi, kwa kuwa husema moja tu haidhuru, umefanya kazi sana leo.

Katika kikao cha tiba mambo huwa madogo na ya kushikika. Mshauri humwambia mtu afumbe macho na auite uchu uje, kisha humwuliza uko mahali gani, kooni au kifuani, ukubwa wake kiasi gani, una joto au baridi, unatembea au umetulia. Humfundisha badala ya kusema “siwezi kumaliza siku hii bila sigara” aseme “ninayo fikira inayoniambia kuwa siwezi kumaliza siku hii bila sigara”, na ingawa tofauti ya maneno hayo ni ndogo kwa masikio, aliyejaribu kuyasema katikati ya uchu hujua kwamba hapo hapo hupatikana uwazi wa kupumulia. Kisha humpa kadi ndogo, aandike juu yake zile fikira zinazomshinda kila mara, na kadi hizo azichukue mfukoni kutwa, mfuko ule ule wa shati uliozoea pakiti. Akiingia kazini anazo, akinywa chai anazo, wala hazimzuii kukata kitambaa.

Jambo jingine lililo kubwa katika tiba hii ni suala la Njoro, yaani mtu anakwenda wapi. Matangazo mengi ya afya humwonesha mvutaji mapafu meusi, na si vibaya ayaone, lakini hofu huchakaa upesi, na mtu aliyeogopa aghalabu hutafuta kitu cha kumtuliza, ambacho kwa mvutaji ni sigara. Washauri wa njia hii huuliza swali la namna nyingine: unataka uwe nani mbele ya wale unaowapenda? Mmoja atakumbuka binti yake mwenye pumu anayejitenga naye akija kutoka kazini, mwingine atasema alikuwa imamu wa kusalisha nyumbani na siku hizi kikohozi kinamkatisha Fatiha, wa tatu atataja tu kwamba amechoka kuomba moto kwa watoto. Jibu hilo likishapatikana, kila uchu unapokuja unakuwa na kitu cha kupimwa nacho.

Na hapa ndipo Ramadhani ya Bondeni inapotufunza mara ya pili, kwa upungufu wake. Nia ya saumu ina mpaka, na mpaka wenyewe ni adhana ya magharibi. Baada ya tende na funda la maji, wako watakaoonekana kwenye ukuta wa nje, kiwiko kwa kiwiko, wameinamia kiberiti kimoja, na baadhi yao tende haijatoka mdomoni. Wanavyuoni waliosema tumbaku ni makuruhu na waliosema ni haramu wote huwaona, nao wavutaji huona haya kidogo, wakageuza uso upande wa barabara. Siwacheki. Mtu aliyevumilia saa kumi na tatu ameonesha ustadi ambao hakuna dawa inayoweza kumpa, bali nia yake ilikuwa ya kutwa moja, haikuelekezwa kwenye mapafu yake wala kwa binti yake, na ilipotimia, ilitimia. Asiye Mwislamu naye asidhani habari hii haimhusu, kwani ibada ya Jumapili katika makanisa yetu mengine huchukua saa tatu, na wavutaji walioko humo huimba mpaka mwisho.

Ushahidi wa kitaalamu wasemaje? Mwaka 2004 Elizabeth Gifford pamoja na Hayes na wenzao walitangaza matokeo ya wavutaji 76 wa Nevada, ambao baadhi walipewa tiba ya kukubali na baadhi plasta za nikotini. Matibabu yalipomalizika makundi mawili yalikuwa sawasawa. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa wameacha katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 35, na katika kundi la plasta asilimia 15, na naomba msomaji alitie maanani jambo hilo la kuchelewa, maana plasta huondolewa ngozini, lakini mtu aliyejifunza kukaa na uchu huenda nao huo ujuzi nyumbani. Mwaka 2011 Gifford aliwachunguza watu 303, akaiunganisha tiba hii na dawa ya bupropioni; baada ya mwaka, asilimia 31.6 ya waliopata vyote viwili walikuwa wameacha, dhidi ya asilimia 17.5 ya waliopata dawa peke yake. Tukikumbuka kwamba kati ya watu 100 wanaojaribu kuacha kwa nguvu zao wenyewe hubaki 3 hadi 5 tu baada ya miezi sita au mwaka, hizo si hesabu za kudharauliwa.

Hata hivyo ningekuwa mwandishi mbaya lau ningeishia hapo. Jonathan Bricker, wa kituo cha saratani cha Fred Hutchinson mjini Seattle, aliipeleka tiba hii kwenye tovuti na simu za mkononi, na mwaka 2018 alipoilinganisha tovuti yake na ya serikali ya Marekani kwa watu 2,637, hapakuwa na tofauti ya maana: asilimia 24 kwa 26, tena tovuti ya serikali ndiyo iliyotangulia kwa unywele. Miaka miwili baadaye programu yake ya simu, ambayo humwezesha mvutaji kuhesabu kila uchu aliouacha upite, ilijaribiwa kwa watu 2,415 dhidi ya programu ya Taasisi ya Taifa ya Saratani ya huko huko, na safari hii ilishinda, asilimia 28 kwa 21 baada ya mwaka. Jopo la Cochrane, linalopima ushahidi wa matibabu duniani, lilipoyakusanya mwaka 2022 majaribio ya tiba hii na ya mazoezi mengine ya kuituliza nafsi, halikuona dalili ya wazi kwamba yanazishinda njia nyingine za ushauri. Hukumu yangu ni kwamba tiba ya kukubali imethibiti kuwa miongoni mwa njia njema, haijathibiti kuwa mfalme wao, na anayekutaka uache dawa za daktari kwa ajili yake amesoma nusu ya habari.

Narudi Nakuru. Baraza la mji huu lilikuwa miongoni mwa mabaraza ya mwanzo nchini kukataza uvutaji mahali pa hadhara, kabla ya Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008, kuifanya marufuku hiyo kuwa ya nchi nzima. Anayevuta pasiporuhusiwa anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 50,000 au kufungwa hadi miezi sita. Kenya ilikuwa imekwisha kuridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani juu ya tumbaku tangu Juni 2004, na kampuni ya British American Tobacco ilipozipinga kanuni za tumbaku za mwaka 2014, shauri lilipanda mpaka Mahakama ya Juu, ambayo Novemba 2019 ilizithibitisha kanuni hizo. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2014, watu wazima milioni 2.5, sawa na asilimia 11.6, walikuwa wakitumia tumbaku ya namna moja au nyingine, wakiwamo wale wa ugoro. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 19.1, na kwa wanawake asilimia 4.5.

Sheria hiyo hiyo ya 2007 inasema sigara isiuzwe ila katika pakiti ya sigara zisizopungua kumi. Nenda kwenye kibanda chochote cha mitaa yetu ukaitazame hukumu hiyo inavyotekelezwa. Pakiti imefunguliwa na kusimamishwa kati ya peremende na kadi za simu, kiberiti cha gesi kimening'inizwa kwa uzi wa mpira ili kisiondoke na mteja, na kijana hutoa sarafu zake, akapewa fegi moja, akauvuta uzi, akawasha, akauachia uzi ukaruka kurudi mahali pake, na yote hayo hayakuchukua muda wa mtu kuitikia salamu. Uchu wenye dakika chache tu za maisha umeuziwa riziki yake kwa kipimo chake hasa, kwa bei ambayo hata asiye na akiba haikosi.

Kwa hiyo nina wasiwasi mmoja juu ya neno hili kukubali likiletwa kwetu. Watu wa Bondeni wameshaambiwa wakubali mambo mengi ambayo hayakustahili kukubaliwa. Kinachopokewa katika tiba hii ni kile kilicho chini ya ngozi, hamu na fikira na huzuni, vitu ambavyo amri haiviondoi. Ule uzi wa mpira kibandani uko nje ya ngozi, na serikali ya kaunti ina wajibu nao. Wale wanaofikiri ushauri wa nafsi utachukua mahali pa sheria, na wale wanaofikiri faini itachukua mahali pa ushauri, wote wamemwachia mvutaji nusu ya mzigo.

Nusu ya ushauri ndiyo iliyo nyonge kwetu. Shirika la Afya Duniani, lilipotoa Julai 2024 mwongozo wake wa kwanza wa kuwatibu watu wazima wanaotaka kuacha tumbaku, lilieleza kwamba zaidi ya watumiaji milioni 750 duniani wanatamani kuacha, na kwamba asilimia 70 ya watumiaji hawana huduma ya maana ya kuwasaidia. Mwongozo huo unataja dawa, unataja ushauri wa kina, na unataja pia jambo lililo rahisi mno, nalo ni mazungumzo ya sekunde 30 hadi dakika tatu kati ya mhudumu wa afya na mtu aliyekuja kwa haja nyingine. Mtaalamu wa nafsi mwenye shahada hapatikani kila mtaa, na ada yake ni ya watu wa upande mwingine wa mji. Lakini Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja nchini kote, kila mmoja na mkoba wake wa vipimo, ambao hupita nyumba kwa nyumba, na ambao mlangoni kwa fundi cherehani huitwa mama fulani na si daktari.

Mhudumu wa namna hiyo anaweza kufundishwa maswali matatu au manne: uchu ukija, unakwambia nini; uliwahi kuuacha ukapita bila kuutii, hata siku za mfungo; ulifanyaje siku hiyo; na ni kwa ajili ya nani ungependa kufanya hivyo tena kesho? Kwa mujibu wa sheria ya 2007, mojawapo ya makusudio ya mfuko wa kudhibiti tumbaku ni kugharimia mipango ya kuwasaidia watu kuacha, na kanuni zilizothibitishwa na Mahakama ya Juu zinawataka watengenezaji na waagizaji wachangie katika mfuko huo asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao. Mafunzo ya maswali hayo, kwa wahudumu wa Bondeni, Kivumbini na Flamingo, yanaweza kuombewa fedha hizo, na mahali pa kuanzia kuuliza ni idara ya afya ya kaunti. Wakati huo, aliye na uchu usiku huu na asiye na wa kumwambia anaweza kupiga 1192, simu isiyo na malipo ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.